Kisukuku, jeni au umri wa ziwa: tarehe ipi uitumie unapoandika asili ya viumbe walio hai?

Mwanafunzi wa biolojia hapa Bukavu anayeandika TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa chuo) juu ya samaki wa Kivu, gorila wa Kahuzi au vyura wa Itombwe hukwama karibu kila mara mahali pamoja: pale anapotakiwa kusema kundi lake lilianza lini. Makala ya kwanza inampa miaka milioni 6. Ya pili inasema milioni 10. Ya tatu inasema laki moja tu, na zote tatu zimeandikwa na wataalamu. Basi anachukua ile iliyo mpya zaidi, au ile ambayo direkta wake aliitaja siku ya kwanza, na siku ya utetezi juri inamuuliza: tarehe hii imefungwa kwenye nini?

Swali hilo ndilo nitakalolifuata. Njia za kutafuta tarehe ya asili ya kundi lililo hai ukizikusanya ni nne: kutumia visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) peke yake, kuhesabu mabadiliko ya ADN, kukopa umri wa ziwa, mto au mpasuko wa bara, na kuweka visukuku na ADN katika hesabu moja. Makala nyingi hazigombani. Zinajibu maswali tofauti, na msomaji ndiye anayedhani swali ni moja.

Vigezo kwanza

Nitazipima njia hizi kwa mambo matano, yaleyale kwa kila moja.

La kwanza ni zito kuliko mengine: tarehe hiyo ni ya tukio gani? Kila kundi lina angalau tarehe mbili za asili. Kuna wakati ukoo wake ulipoachana na ukoo wa ndugu wa karibu zaidi, na kuna wakati alipoishi babu wa mwisho ambaye wote walio hai leo wanatokana naye. Kwa sisi binadamu, wengi huweka tarehe ya kwanza, ya kuachana na sokwe na bonobo, kwenye miaka milioni 6 hadi 8 hivi. Mafuvu ya zamani zaidi yanayohesabiwa kuwa ya aina yetu, yale ya Jebel Irhoud nchini Moroko, yana takriban miaka 300,000 tu. Katikati walipita Toumaï wa Chad, Australopithecus na wengine wengi, wote wa ukoo wetu bila kuwa sisi. Mtu akiandika "asili ya binadamu" bila kusema ni tarehe ipi kati ya hizo mbili, amemwachia msomaji pengo la mamilioni ya miaka. Iko pia tarehe ya tatu, ambayo sisi watu wa maziwa tunaichanganya sana na hizo: wakati kundi lilipofika mahali lilipo leo.

Mengine manne ni haya: njia inahitaji nini mkononi, ikikosea inaelekea kuongeza umri au kuupunguza, inafika nyuma kiasi gani, na kwa viumbe wa huku Kivu inafaa kiasi gani.

Visukuku peke yake

Kisukuku hakisemi kundi lilianza lini. Kinasema kwamba kufikia wakati huo kundi lilikuwa limeshakuwepo. Ng'ambo ya Tanganyika, katika bonde la Rukwa, watafiti walitangaza mwaka 2013 taya la jamaa wa kale wa masokwe (wasio na mkia: sokwe, gorila na wenzao), Rukwapithecus, pamoja na kipande cha taya la jamaa wa kima wenye mkia, Nsungwepithecus. Majivu ya volkano ya tabaka hizo yalitoa umri wa miaka milioni 25.2. Maana yake ni kwamba koo hizo mbili zilikuwa zimeshaachana kufikia hapo. Ziliachana lini hasa? Mfupa hauwezi kujibu. Unakupa kikomo cha chini, na kikomo hicho ni cha kuaminika sana.

Zaidi ya mfupa wenyewe, njia hii inadai mwamba unaopimika. Kwa visukuku vya mamilioni ya miaka kinachopimwa kwa kawaida ni lava au majivu yaliyo chini na juu yake. Aina moja ya potasiamu huvunjika polepole, nusu yake kwa miaka bilioni 1.25, na sehemu ya inayovunjika hugeuka kuwa gesi ya argoni. Lava ikiwa bado ya moto, argoni ya zamani hutoroka; ikiganda, hesabu inaanza upya. Miamba ya Virunga ina potasiamu nyingi, ungedhani ni raha tupu, lakini lava iliyoingia mjini Goma Januari 2002 ukiipeleka kupimwa leo itakupa karibu sifuri, kwa sababu argoni haijapata muda wa kujikusanya. Kaboni 14, ambayo wanafunzi wengi huitaja kwa mazoea, hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, na ukipita miaka 50,000 hivi hubaki hakuna cha kupima. Ukikuta kazi inayosema kisukuku cha miaka milioni 2 kilipimwa kwa kaboni, irudishe kwa mwenyewe.

Tena linahitajika jicho la mtu anayejua mifupa, na hapa ndipo njia hii iliwahi kuanguka vibaya. Kwa miaka mingi mataya ya Ramapithecus, ya zaidi ya miaka milioni 10, yalihesabiwa kuwa ya babu wa binadamu, na vitabu vya shule vikaandika hivyo. Mwaka 1982 David Pilbeam alipotangaza uso wa Sivapithecus kutoka Pakistan, ikaonekana kwamba jamaa hao wako karibu na orangutani wa Asia. Umri wa mwamba haukuwa na kosa. Kilichokosewa ni jina la ukoo.

Ukiacha makosa ya aina hiyo, visukuku hukosea upande mmoja: hupunguza umri. Wa kwanza kabisa wa kundi lake hana nafasi kubwa ya kugeuka jiwe na kuokotwa. Samaki aitwaye gombessa kule Komoro, silakanti kwa jina la vitabu, alidhaniwa kuwa ametoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, kwa kuwa baada ya hapo hakuna kisukuku chake kilichokuwa kimeonekana. Desemba 1938 akavuliwa mmoja mzima huko East London, Afrika Kusini. Baadaye wavuvi wa Tanga nao wakaanza kuwapata kwenye nyavu zao.

Kwa upande wa kufika nyuma, hakuna kinachoshindana na visukuku: vinafika mabilioni ya miaka. Shida ni huku kwetu. Udongo wa msitu wa mvua una asidi, mfupa huoza kabla haujafunikwa. Matokeo yake, majirani wetu wa karibu katika ukoo hawana karibu historia yoyote ya mawe. Visukuku vya kwanza vya sokwe vilitangazwa mwaka 2005, navyo ni meno machache kutoka Kapthurin, Kenya, ya takriban miaka nusu milioni. Kwa upande wa gorila kuna meno tisa ya Chororapithecus wa Ethiopia, ya miaka milioni 8 hivi, ambayo wagunduzi wake wanayahesabu kuwa ya ukoo huo na wengine bado wanasita. Kaskazini, kando ya Semliki, hali ni bora. Ishango, alikochimba Jean de Heinzelin mwaka 1950, ilitoa mifupa na zana za wavuvi wa zaidi ya miaka 20,000. Kwa hiyo anayesoma konokono, mamba, viboko au samaki wenye mifupa migumu wa bonde la Semliki ana pa kuanzia. Anayesoma gorila wa Kahuzi au vyura wa Itombwe asijitese kutafuta mawe.

Saa ya jeni

Hapa tarehe ni ya tukio jingine kabisa: wakati nakala mbili za jeni zilipoachana. Mara nyingi hilo hutokea kabla spishi zenyewe hazijaachana, kwa sababu babu wa pamoja alikuwa tayari na nakala tofauti ndani ya kundi lake. Jenomu ya gorila, yaani ADN yake yote, ilipochapishwa mwaka 2012 ilionekana kwamba katika asilimia 30 hivi ya jenomu, gorila yuko karibu zaidi na binadamu au na sokwe kuliko hao wawili wanavyokaribiana wenyewe. Kwa hiyo jeni moja ikikupa umri fulani, huo ni umri wa jeni. Umri wa spishi uko chini ya hapo, na kwa koo zilizoachana karibu karibu tofauti hiyo si ndogo.

Wazo lenyewe lilitoka kwa Zuckerkandl na Pauling mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipoona kwamba tofauti za hemoglobini kati ya wanyama huongezeka kadiri muda unavyopita. Mwaka 1967 Sarich na Wilson walilinganisha albumini ya damu na kusema binadamu na masokwe wa Afrika waliachana miaka milioni 5 iliyopita. Wenye Ramapithecus wao walikasirika. Historia ikawapa haki Sarich na Wilson, karibu kabisa. Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi wa kisa hiki huliruka: hesabu yao ilifungwa kwenye miaka milioni 30, tarehe waliyoikubali ya kuachana kwa kima na masokwe, na tarehe hiyo ilitoka kwenye visukuku. Saa ya jeni bila kifungo, yaani bila tarehe inayojulikana ya kuipimia, ni kamba ya fundi isiyo na alama za mita: inakuambia ukuta huu ni mara mbili ya ule, haikuambii una mita ngapi.

Tazama hesabu yenyewe. Una herufi 1,000 za ADN ya mitokondria (kijisehemu cha seli chenye ADN yake) kutoka kwa samaki wawili, na zinatofautiana mahali 20, yaani asilimia 2. Vitabu vingi vina kasi ya kukopa ya asilimia 2 kwa kila miaka milioni kati ya koo mbili, basi unaandika miaka milioni 1. Kama kasi ya kweli ya samaki wako ni asilimia 1, jibu ni miaka milioni 2. Kama ni asilimia 10, jambo ambalo si ajabu kwa makundi yaliyoachana juzi, jibu ni miaka 200,000. ADN ni ileile, samaki ni walewale, tarehe tatu. Ile asilimia 2 ilianzia kwa wanyama wachache, masokwe na bata bukini miongoni mwao, kisha ikasambaa hadi kwa konokono. Mimi nikiiona katika TFC bila maelezo, ndiyo ya kwanza ninayoiwekea alama ya kuuliza.

Kuna njia ya kupata kasi bila kisukuku: kusoma ADN ya baba, mama na mtoto, kisha kuhesabu herufi mpya ambazo wazazi hawana. Utafiti wa Iceland wa mwaka 2012, wa familia 78, ulipata wastani wa herufi 60 hivi kwa kila mtoto, nyingi zikitoka kwa baba, na zaidi kadiri baba alivyokuwa na umri mkubwa. Hiyo ni karibu nusu ya kasi iliyokuwa ikikisiwa kwa kutumia visukuku. Kasi ikishuka nusu, umri unapanda maradufu, na ubishi ukaanza upya, hadi watu wakakumbuka kwamba kasi ya leo si lazima iwe kasi ya miaka milioni 10 iliyopita.

Hivyo njia hii hukosea pande zote mbili, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na visukuku. Kwa upande wa vifaa, inahitaji kidogo kuliko watu wanavyodhani: kipande cha pezi au kinyesi cha gorila kilichohifadhiwa vizuri, maabara ya kusoma herufi, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi, na hazina ya herufi za ADN ya GenBank ambayo ni bure kwa kila mwenye intaneti. Inafika nyuma mbali, ila kadiri unavyorudi ndivyo herufi zinavyobadilika mara mbili mbili mahali pamoja na kufuta nyayo zake.

Inapong'aa ni kwenye mambo ya karibuni, hasa virusi, maana vyenyewe hubadilika haraka kiasi kwamba sampuli za miaka tofauti zinatosha kuwa kifungo. Sampuli mbili za Kinshasa, damu ya mwaka 1959 na kipande cha tezi cha mwaka 1960, ndizo zilizowawezesha watafiti mwaka 2008 kuweka babu wa VVU vya kundi kuu karibu na mwaka 1908, kati ya 1884 na 1924. Na hapa mkoani kwetu, mpox iliyozuka Kamituga ilipimwa hivyohivyo: alama ambazo mwili wa binadamu huziacha kwenye jenomu ya virusi zilionyesha kwamba usambazaji wa mtu kwa mtu ulianza karibu na katikati ya Septemba 2023. Hakuna kisukuku ambacho kingekupa mwezi.

Kukopa umri wa ziwa, mto au bara

Hii ndiyo njia inayopendwa kwetu, na naielewa sababu. Tumezungukwa na maziwa, kila ziwa lina samaki wake wasiopatikana pengine, na jiolojia ya bonde la ufa imesomwa sana. Unasema: samaki hawa wako ziwa hili tu, ziwa lina umri huu, basi samaki nao hawazidi umri huo. Unafunga saa yako hapo, kazi inaendelea.

Tarehe unayoipata ni ya mahali, na unaichukua kwa mategemeo kwamba ni ya kundi. Mara nyingine mategemeo hayo ni sawa. Tanganyika ina miaka milioni 9 hadi 12 kwa makadirio ya kawaida, na kazi kubwa ya jenomu iliyochapishwa mwaka 2021 juu ya aina zake 240 hivi za sikilidi (kundi la samaki wa maji baridi) iliweka mwanzo wa mtawanyiko wao (kugawanyika kuwa aina nyingi) karibu miaka milioni 9.7, ndani ya ziwa lenyewe. Ziwa na samaki wanakubaliana vizuri.

Ukipanda juu, mambo yanageuka. Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na lina haplokromini (tawi moja la sikilidi) wapatao aina 500. Mwaka 2003 watafiti walidai kwamba chimbuko la kundi hilo ni Kivu letu, na kwamba umri wake ni wa karibu miaka 100,000. Mwaka 2017 kazi nyingine ikaonyesha kwamba chanzo ni mchanganyiko wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na moja ya Nile ya juu, zilizozaana kabla ya mtawanyiko. Kwa hiyo tofauti nyingi za jeni unazozikuta kwa samaki wa Victoria ni kongwe kuliko maji wanamoogelea. Ukifunga saa yako kwenye miaka 15,000 utapata kasi ya ajabu. Ukifunga kwenye kuachana kwa zile koo mbili utapata aina zilizozaliwa kabla ya ziwa lao.

Kivu lenyewe ni somo peke yake. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda, na mwishowe yakatokea kusini kwa Ruzizi hadi Tanganyika. "Umri wa Kivu" basi ni upi? Wa bonde, wa ziwa la kwanza, wa kuzibwa, au wa Ruzizi kuanza kumwaga? Mwandishi asipochagua, juri itamchagulia.

Na sambaza, samaki mdogo anayepimwa kwa vikombe kila jioni sokoni Kadutu, si wa Kivu hata kidogo. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 ili ziwa lipate samaki wa katikati ya maji. Muda wake hapa ni wa miongo michache. Ukoo wake, ukipimwa kwa jeni, unarudi hadi kwa samaki wa baharini walioingia mito ya Afrika Magharibi kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, kabla Tanganyika haijakuwepo. Mtu atakayefunga saa ya sambaza kwenye umri wa Kivu, au hata wa Tanganyika, atakuwa amepima kitu kisichokuwepo.

Kwa umbali wa nyuma zaidi, kifungo kinachopendwa ni kupasuka kwa Gondwana, bara kuu la kale. Sikilidi wako Afrika, Amerika Kusini, Madagaska na Bara Hindi, basi, walisema wengi, walisafiri na mabara, na ukoo wao una zaidi ya miaka milioni 100. Lakini visukuku vyao vya zamani zaidi, pamoja na vile vya Mahenge mkoani Singida, havizidi miaka milioni 46 hivi, na mwaka 2013 kazi iliyofungwa kwa visukuku vya samaki wengine ilionyesha kwamba walianza muda mrefu baada ya mabara kuachana. Ina maana walivuka maji ya chumvi. Samaki wa maji baridi kuvuka bahari si jambo la kumeza upesi, na wapo wasiokubali hadi leo. Mimi nauona upande wa visukuku una nguvu zaidi hapa, ila anayetumia Gondwana simwiti mjinga.

Mto Kongo nao huleta mtego uleule. Bonobo wako ng'ambo ya kusini, sokwe ng'ambo ya kaskazini, na waliachana kati ya miaka milioni 1 na 2 iliyopita. Wengi wakaandika kwamba mto ulianza wakati huo. Mashapo (matope yaliyolundikana) ya sakafu ya bahari yanasema mto ni wa makumi ya mamilioni ya miaka. Aliyevuka ni mnyama.

Njia hii haihitaji fedha nyingi, ramani na makala za jiolojia zinatosha. Hukosea pande zote mbili, na ubaya wake ni kwamba kosa halionekani, kwa kuwa tarehe ya ziwa huingia ikiwa imevaa joho la jiolojia. Inamfaa anayesoma viumbe wasioweza kabisa kuhama, wa ziwa lililokaa bila kukauka, na ambaye ana kifungo cha pili cha kulinganisha.

Kuunganisha visukuku na ADN

Njia hii inakupa tarehe zote mbili za mwanzo, ya kuachana na ya babu wa pamoja, kwenye mti mmoja. Visukuku vinaingia kama vikomo kwenye matawi, au vinaingizwa vyenyewe mtini kama jamaa waliokufa, na programu inaruhusu kila tawi liwe na kasi yake. BEAST na MCMCTree ni bure na hukimbia kwenye kompyuta ya kawaida, ingawa hesabu inaweza kuchukua siku nyingi, na umeme ukikatika katikati bila kuhifadhi, unaanza upya. Panga hilo kabla ya kumwahidi direkta tarehe ya kukabidhi.

Inahitaji zaidi ya nyingine zote: ADN ya aina nyingi, visukuku vilivyotambuliwa kwa hakika, na mtu wa kuvikagua. Kisukuku kimoja kilichopachikwa tawi lisilo lake huvuta mti mzima. Kasoro nyingine haisemwi sana: kikomo cha chini kinatoka kwenye mwamba, lakini kikomo cha juu mara nyingi kinatoka kichwani mwa mtafiti. Ukiambia programu kwamba kundi haliwezi kuzidi miaka milioni 70, haitakupa 90. Ndiyo maana mamalia wa kondo, ambao visukuku vyao vya uhakika huanza baada ya miaka milioni 66, bado wanawekwa na baadhi ya kazi za jeni karibu na milioni 90 au 100. Kwa hiyo kwanza endesha hesabu bila data ya ADN, vikomo peke yake. Tarehe zikitoka zilezile, ujue ni vikomo vyako vinavyosema.

Jibu lake ni nafasi, kwa mfano milioni 8 hadi 14, na wanaoisoma vibaya huchukua namba ya katikati wakaacha nyingine. Kwa Kivu inafaa pale kundi lako lina jamaa wenye visukuku mahali pengine, kama sikilidi au kima. Vyura wa Itombwe utawafunga kwa visukuku vya vyura wa mbali sana, na nafasi itakuwa pana. Iache iwe pana.

Kwa hali yako

Unaandika TFC ya mwaka wa tatu na muda ni miezi michache: usianze kupima mwenyewe. Kopa mti uliokwisha kuchapishwa, tafuta kwenye sehemu ya mbinu ni visukuku gani au ziwa gani lilitumika kuufunga, na uandike hilo katika aya ileile yenye tarehe.

Unafanya utafiti juu ya makundi ya karibu, kwa mfano gorila wa nyanda za juu na wa chini ndani ya Kahuzi-Biega: saa ya jeni yenye kasi ya wazazi na watoto ndiyo yako, kwa kutumia jenomu pana badala ya mitokondria peke yake. Visukuku havitakusaidia, na kasi ya kukopa ya asilimia 2 itakudanganya.

Kwa haplokromini wa Kivu, mimi ningefanya hesabu mara mbili, moja kwa kifungo cha ziwa na moja bila hicho, kisha ningeziweka zote mbele ya msomaji. Zikitofautiana mara tano au kumi, tofauti hiyo ndiyo matokeo yako, na inafaa sura nzima. Wanaokaa karibu na Lwiro au Uvira wana bahati ya vituo vya utafiti vyenye sampuli na ripoti za zamani. Kabla ya kudai samaki fulani ni wa asili, kagua kwanza kama hakuletwa kwa ndoo.

Mwenye kupima ugonjwa unaosambaa anahitaji sampuli zenye tarehe sahihi kuliko anavyohitaji mashine. Kibandiko kilichofutika kwenye chupa kinaharibu kifungo.

Na mwalimu wa sekondari, sehemu ya biyo-shimi, ambaye ana dakika 50 na ubao, atumie visukuku, kwa kuwa kikomo cha chini kinaeleweka bila hesabu. Sentensi moja yatosha kwa darasa zima kunakili: koo za kima na za masokwe ziliachana si chini ya miaka milioni 25 iliyopita, kwa ushahidi wa mataya ya Rukwa na majivu ya volkano yaliyokuwa kwenye tabaka zake. Mwanafunzi akiuliza ni lini hasa, somo linalofuata limeshapata kichwa chake.